Homa Iliyopewa Jina Newala

Anayekwenda Newala, kusini mwa Tanzania, kutoka Masasi hupanda. Gari likishamaliza kukwea kingo za uwanda wa juu wa Makonde, hewa hupoa, mikorosho husogea hadi kando ya barabara, na pale mjini mtu anaweza kusimama kwenye ukingo wa genge akaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini, na ng'ambo ya mto Msumbiji. Maji yako kule chini. Huku juu hapana kijito. Udongo wa uwanda ni wa kichanga na mvua ikinyesha huinywa yote. Kwa vizazi na vizazi wanawake wa Kimakonde walishuka miteremko hadi kwenye chemchemi za mabondeni, wakapanda tena na mtungi kichwani. Na masika yalipofika, kila nyumba ilikinga maji kadiri ilivyoweza, ikayaweka.

Kwa nini watu wakae mahali pasipo maji? Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906 kuchunguza maisha ya wenyeji, aliandika jibu alilosikia, nalo lilikuwa hadithi ya asili ya Wamakonde. Hapo kale alikuwapo mtu mmoja tu, haogi wala hanyoi. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku sanamu ikawa mwanamke. Wawili hao wakashuka Ruvuma kuoga, na mtoto wao akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbemkuru, na wa pili akazaliwa mfu. Ndipo waliporudi juu, kwenye pori la Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo wazee wakausia kwamba watu wakae juu, kwa kuwa mabonde huleta maradhi.

Wazee hao waliona sawasawa. Mabonde ya mito ni makao ya mbu wa malaria, na mtu aliyehamisha watoto wake kuwapeleka juu aliwapa nafasi ya kukua. Lakini yupo mbu mwingine asiyehitaji mto wala dimbwi. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hutaga mayai juu kidogo ya maji, kwenye kuta za ndani za mtungi, pipa au kifuu kilichoachwa uani. Mayai yake hustahimili kukaushwa kwa miezi, yakingoja maji yapande. Wataalamu humwita Aedes aegypti. Uwanda ule mkavu, wenye nyumba zilizojaa vyombo vya maji, ulimfaa kuliko bonde lolote.

Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka kwenye uwanda huo. Haikuja taratibu kama homa nyingine. Mtu aliyekuwa shambani asubuhi alianguka ghafla, joto likapanda, kisha viungo vikakamatwa: magoti, vifundo vya miguu, viganja, vidole. Wengine walishindwa hata kugeuka kitandani. Baada ya siku chache upele ulitoka mwilini ukiwasha, homa ikaisha, lakini maumivu hayakuisha nayo. Wapo walioendelea kuchechemea kwa miezi. Vifo havikuonekana, na hilo lilikuwa nafuu, ila nyumba nzima ingeweza kulala chini kwa wakati mmoja, na shamba la mkulima halingoji magoti yapone.

Wenyeji waliipa jina kwa walichokiona: chikungunya. Ni neno la Kimakonde, linalotokana na kitenzi kungunyala, chenye maana ya kukauka na kukunjamana, na kiambishi chake chi- ni ndugu wa ki- ya Kiswahili. Humwonyesha mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu, asiyeweza kunyooka. Vitabu vingi vya ughaibuni vimeandika kwamba neno hilo ni la Kiswahili, na kosa hilo limenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Inafaa lisahihishwe kila linapoonekana, kwa sababu walioliunda walikuwa wagonjwa na wauguzi wa jamii fulani, mahali fulani, na leo neno lao linatamkwa na madaktari kutoka Delhi hadi Rio de Janeiro.

Watu watatu waliandika habari za mlipuko ule kwa namna iliyobaki hadi leo. Marion Robinson, daktari aliyewaona wagonjwa wenyewe, alieleza dalili. W. H. R. Lumsden alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosambaa kijiji hadi kijiji, na macho yake yakatua kwenye vyombo vya maji vya nyumbani na mbu waliokuwa wakizaliana humo. Wa tatu, R. W. Ross, alibaki na swali gumu zaidi: huu ni ugonjwa gani hasa? Robinson alikuwa ameona kwamba kwa dalili peke yake haukuweza kutofautishwa na dengi. Jicho na mkono wa daktari vilikuwa vimefika mwisho wake. Jibu lilipaswa kutafutwa maabara, na maabara yenyewe ilikuwa Entebbe, Uganda, kama kilometa 1,400 kutoka Newala kwa mstari ulionyooka.

Taasisi ile ya Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation ili kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1950 ikawa taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki nzima. Waliokwenda kuitafuta homa ya manjano walikuta mengine wasiyoyatarajia. Mwaka 1937, katika damu ya mwanamke mmoja mwenye homa wa wilaya ya West Nile, walipata kirusi ambacho miaka 62 baadaye kingeua watu jijini New York. Mwaka 1942 walipata kingine katika mbu wa msitu wa Semliki. Aprili 1947, katika msitu mdogo wa Zika karibu na Entebbe, kima aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti kama mlinzi wa kuonya, namba 766, alipata homa. Damu yake ikatoa kirusi ambacho mwaka 2015 kiliwatia hofu wajawazito wa Brazil.

Kazi ya kukamata mbu wa utafiti huo ni sura ya historia inayostahili kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko ilivyoandikwa. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu, alitaka kujua ni mbu gani huuma saa ngapi na kwa urefu gani kutoka ardhini. Akajenga majukwaa mitini. Juu ya majukwaa hayo walikaa wakamata mbu wenyeji, kwa zamu, saa 24 mfululizo, wakimnasa kila mbu aliyetua kwenye ngozi zao. Chambo kilikuwa miili yao. Kutokana na zamu hizo ilijulikana kwamba mbu Aedes africanus hushamiri juu ya miti mara tu jua linapozama, saa ambayo kima wamekwisha kutulia matawini kulala. Majina ya Haddow na wenzake yamo katika vitabu vyote. Ya wale waliokaa gizani wakiumwa hayapatikani kwa urahisi.

Sasa, maabara ya wakati ule ilifanyaje kazi? Hakukuwa na mashine ya kusoma vinasaba. Kipimo kilikuwa panya. Ross alichukua seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, kutoka kwa wagonjwa waliokuwa katika siku za mwanzo za homa, wakati kirusi bado kimejaa damuni, akawadunga panya wachanga ubongoni. Panya mchanga hana kinga ya kumlinda, kwa hiyo kilicho dhaifu kwa panya mkubwa humlaza yeye. Walipougua, ubongo wao ulisagwa, ukachujwa kwa kichujio kinachozuia bakteria, na maji yaliyopita yakadungwa panya wengine. Nao wakiugua, basi kilichopita kwenye tundu zile ni kidogo kuliko bakteria. Kwa njia hiyo, mwaka 1953, kirusi cha chikungunya kilitengwa kwa mara ya kwanza. Ross alikipata pia kwa mbu waliokamatwa majumbani.

Kukipata hakukutosha, kwa kuwa panya anaweza kuugua kwa kirusi chake mwenyewe kilichokuwa kimejificha. Ilibidi kuthibitisha kwamba hicho ndicho kilichowaangusha watu wa Newala. Hapo ndipo kilipotumika kipimo ambacho mantiki yake ni nyepesi. Mtu aliyepona hubaki na kingamwili katika damu. Seramu yake ikichanganywa na kirusi kilichomuuguza, kirusi hicho hufungwa, na panya anayedungwa mchanganyiko huo huishi. Seramu ya mtu asiyewahi kuugua haimsaidii panya, naye hufa. Kwa kulinganisha damu ya siku ya kwanza ya ugonjwa na damu ya wiki kadhaa baadaye, mtafiti huona kinga ikizaliwa. Kwa mtindo huohuo iliwezekana kuonyesha kwamba kirusi cha Newala si dengi, japokuwa homa mbili hizo hufanana kitandani kama mapacha.

Kufanana huko kuna historia yake, na historia hiyo iko Unguja.

Mwaka 1870 homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo iliingia Unguja. James Christie, tabibu aliyekuwa akifanya kazi huko, aliwasikia watu wakiiita kwa jina tayari, kidinga pepo. Alipouliza, wazee walimweleza kwamba ilikwisha kuja zamani, walipokuwa vijana, na hesabu ya miaka ikarudi hadi karibu mwaka 1823. Ugonjwa ulikuwa umekaa kimya kwa karibu miaka hamsini, na jina lilikuwa limehifadhiwa katika kumbukumbu za watu bila kuandikwa. Christie alilieleza kuwa ni kukamatwa ghafla kama na mshiko wa pepo. Kutoka Unguja homa hiyo ilionekana Aden mwaka 1871, kisha bandari za India, ikifuata njia zilezile za majahazi na meli za moshi.

Kwa miaka mia moja iliaminika kwamba ilikuwa dengi. Hata neno dengi lenyewe, kwa maoni ya baadhi ya wanahistoria wa tiba, huenda lilizaliwa na kidinga: likachukuliwa na watu waliosafirishwa utumwani hadi visiwa vya Karibi, na huko, mlipuko wa mwaka 1827 na 1828 ulipozuka, likageuzwa midomoni mwa Waingereza na Wahispania. Ndipo mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alipoandika makala akiuliza kama hapakuwa na mkanganyiko. Alitazama upya maelezo ya Christie: mwanzo wa ghafla, viungo kushikwa kwanza, na hasa maumivu yaliyobaki wiki nyingi baada ya homa. Hayo, akasema, ni ya chikungunya zaidi kuliko dengi.

Hoja ya Carey ina nguvu. Dengi huvunja mwili mzima kwa uchungu wa misuli na mifupa, kisha kwa kawaida humwachia mgonjwa. Na ikizidi ukali, hatari yake ni kutoka damu na kuporomoka kwa msukumo wa damu. Chikungunya haiui kwa wingi hivyo, lakini hukaa katika viungo. Ikiwa Carey yuko sahihi, basi Waswahili walikuwa na jina la chikungunya miaka mia na zaidi kabla ya Newala, na jina hilo likaenda kubandikwa kwenye ugonjwa mwingine. Leo kamusi ya Kiswahili ikitaja kidingapopo, umbo la sasa la jina hilo, humaanisha dengi. Seramu ya mwaka 1870 haipo. Ushahidi uliopo ni neno na kumbukumbu za wazee, na katika jambo hili huenda neno limehifadhi habari kwa uaminifu kuliko utambuzi wa matabibu waliokuja baadaye.

Miaka sita tu baada ya Ross kukitenga kirusi cha Newala, kaskazini mwa Uganda palizuka homa nyingine ya viungo. Waacholi waliiita o'nyong-nyong, nao pia walilitoa jina katika kulegea na kuuma kwa viungo. Kuanzia 1959 hadi 1962 iliwapata watu wapatao milioni 2 huko Uganda, Kenya, Tanganyika na nchi za jirani. Watafiti wa Entebbe walipotenga kirusi chake waligundua kwamba ni ndugu wa damu wa kile cha Newala, kiasi kwamba kingamwili za mmoja humtambua mwenzake na kuvuruga vipimo. Ajabu ilikuwa kwa mbu. Hiki kilibebwa na Anopheles, mbu haohao wa malaria wanaouma usiku. Jamaa mmoja wa virusi alikuwa ameweza kutoka kwenye mtungi akaenda vinamasini.

Chikungunya yenyewe ilionekana Bangkok mwaka 1958, Calcutta mwaka 1963, halafu kwa miongo kadhaa haikusumbua sana ulimwengu. Katika misitu ya Uganda ilijulikana kuzunguka kati ya kima na mbu wa mitini. Vitabu viliiweka katika kurasa za nyuma.

Kisha ikaja Lamu, mwaka 2004.

Ilikuwa miezi ya ukame usio wa kawaida kwenye pwani ya Kenya. Maji yaliwekwa majumbani kwa muda mrefu kuliko desturi, vyombo havikumwagwa wala kusuguliwa mara kwa mara, na joto liliharakisha ukuaji wa viluwiluwi. Kufikia katikati ya mwaka watu wa kisiwa cha Lamu walikuwa wakitembea kwa kushika kuta. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu 13,500 kati ya takriban 18,000 walikuwa wameambukizwa, yaani watatu katika kila wanne. Ni nadra maabara kupata hesabu kama hiyo katika mlipuko mmoja.

Inauma kukumbuka kwamba Lamu ilikuwa na dawa yake ya kale. Katika nyumba za mawe za zamani, ndani ya birika la maji la chooni walifugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, na chini ya birika fundi alikandika bakuli la kaure la Kichina ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuogelea. Mtu aliyebuni hilo hakuwa na darubini. Alijua tu kwamba maji yaliyokaa huzaa mbu, akaweka mlinzi. Pipa la plastiki halina bakuli wala samaki.

Kutoka Lamu ugonjwa uliingia Mombasa mwishoni mwa mwaka huo, ukavuka hadi Komoro mapema 2005. Katika kisiwa chake cha Ngazidja, uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba asilimia 63 ya watu waliupata, yaani takriban watu 215,000. Halafu Réunion, kisiwa cha Wafaransa chenye hospitali na maabara za kila namna, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, zaidi ya theluthi ya wakazi. Hapo ndipo dhana ya kwamba chikungunya haiui ilipovunjika. Vyeti vya vifo zaidi ya 200 viliutaja ugonjwa huo, wengi wa waliokufa wakiwa wazee wenye maradhi mengine, na wajawazito waliougua karibu na kujifungua waliwaambukiza watoto wao wachanga. Huenda mambo hayo yalitokea hata Newala na Lamu, pasipokuwa na mtu wa kuyaandika kwenye cheti.

Réunion ilitoa pia ugunduzi ambao panya wa Ross wasingeweza kuutoa. Kisiwani hapo Aedes aegypti ni wachache. Mbu aliyeenea ni Aedes albopictus, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Maabara ziliposoma vinasaba vya kirusi, zilikuta badiliko moja dogo katika protini ya gamba lake, kwenye nafasi ya 226, ambako kijenzi kimoja kilikuwa kimechukua nafasi ya kingine. Badiliko hilo peke yake lilikiwezesha kirusi kustawi vizuri zaidi ndani ya albopictus. Na mbu huyo huvumilia baridi. Mwaka 2006 India ilihesabu wagonjwa wanaoshukiwa zaidi ya milioni 1.3. Mwaka 2007 msafiri mmoja kutoka India alifika kijiji cha Castiglione di Cervia nchini Italia, na watu zaidi ya 200 wa eneo hilo wakaugua homa ambayo madaktari wao walikuwa wameisoma vitabuni tu.

Siku hizi kipimo hakihitaji panya. Katika siku za mwanzo za homa, tone la damu hutosha mashine kutafuta na kunakili vinasaba vya kirusi hadi vionekane. Baada ya wiki moja hivi, kirusi kikishatoweka damuni, hutafutwa kingamwili. Mantiki ni ileile ya Entebbe, ya kujua leo ni siku ya ngapi ya ugonjwa kabla ya kuamua utafute nini. Kinachokosekana mara nyingi si ujuzi. Ni mashine yenyewe, vitendanishi vyake, na umeme wa kuvitunza baridini katika kituo cha afya cha kijijini, ambako mwenye homa hupimwa malaria, na asipoonekana na vimelea wakati mwingine hupewa dawa ya malaria vilevile.

Gharama ya kukosa kipimo ilionekana wazi Moshi. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo, wakawapima kwa kila njia iliyowezekana. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikwa kuwa na malaria. Vipimo vilipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14, yaani asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki palikuwa na waliougua maambukizi ya bakteria damuni, homa zitokanazo na mifugo na panya, na 55 waliokuwa na kirusi kinachoenezwa na mbu. Hakuna hata mmoja wa hao 55 aliyekuwa na dengi wala homa ya manjano. Wote walikuwa na chikungunya, chini ya Kilimanjaro, katika nchi ileile ilikopewa jina lake.